Papa wa Mikindani na papa wa Roma

Ukishuka pwani ya Mikindani asubuhi ukauliza papa, utaonyeshwa samaki. Akiwepo mbichi utakatiwa kipande. Asipokuwepo, yupo mkavu, yule aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani hadi akakakamaa. Huyo unamroweka kwanza chumvi ipungue, unamchambua nyuzi kwa nyuzi, ndipo unamtia kwenye tui la nazi, na ugali wa muhogo pembeni. Panda gari uende Ndanda, kwenye abasia ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1906, uulize habari za papa: mazungumzo yatahamia Roma. Vuka Ruvuma pale Kilambo, na upande wa Msumbiji mtoto aliyekulia kwenye Kireno atakuambia papá ni mzee wake. Kule milima ya Andes, Amerika Kusini, wasemaji wa Kikechua watakupakulia papa kwenye sahani, maana kwao ni kiazi, hiki tunachokiita kiazi ulaya ingawa huko Ulaya nako kilifika kama mgeni, kimebebwa na Wahispania karne ya 16. Na Wamaori wa New Zealand wanayo papa yao: ardhi.

Samaki, askofu wa Roma, mzazi, kiazi, ardhi. Sauti moja, herufi nne tu. Kijiweni, hapo hapo atatokea mtu wa kusema hiyo haiwezi kuwa bahati. Lazima pana jambo, lazima hawa watu waliwahi kukaa pamoja. Huyo ndiye ninayetaka kubishana naye leo, kwa sababu hoja yake imeanza kupewa heshima isiyostahili. Kwenye makundi ya WhatsApp zinazunguka orodha: neno hili la Kimakonde limefanana na la Kiebrania, hili la Kiyao limefanana na la Misri ya kale, kwa hiyo babu zetu walitoka huko. Orodha hizo huwa za maneno mafupi. Sijawahi kuona yenye neno la silabi tano.

Msimamo wangu ni kwamba kufanana kwa neno fupi hakuthibitishi kitu, na kwamba undugu wa kweli wa lugha mara nyingi umekaa kwenye maneno yasiyofanana hata kidogo. Anayetaka kuuona hahitaji nauli ya Misri. Masasi panatosha.

Lakini kwanza tuone madhara yenyewe, maana wapo watakaosema ni mchezo tu wa maneno. Chukua neno machinga. Ukiuliza Kariakoo limetoka wapi, wengi watakupa maelezo ya "marching guy": kijana anayetembea na bidhaa, Kiingereza kikapindwa na midomo ya mtaani, kikawa machinga. Maelezo yanavutia. Sauti zinalingana, maana inaingia, na mtu anacheka. Tatizo ni kwamba Wamachinga wapo. Ni watu wa mkoa wa Lindi, wana lugha yao, Kimachinga, na jina lao halikusubiri kijana wa kubeba mikanda na soksi begani kwenye foleni za Dar es Salaam. Hata Malawi kuna wilaya inayoitwa Machinga, kwa jina la tawi la Wayao. Vijana wa kusini walipomiminika Dar es Salaam na kushika biashara ya kutembeza bidhaa, jina la watu likageuka jina la kazi. Leo Mchaga anayeuza viatu kando ya barabara ni machinga, Msukuma mwenye meza ya chaja za simu ni machinga, na pale Ilala limejengwa jengo zima lenye jina hilo. Kizazi kinachoamini "marching guy" kimefuta kabila zima la watu kwa sababu tu sauti zimegongana. Mimi hilo haliniishii kwenye kicheko.

Sasa turudi kwa papa, tupige hesabu. Kiswahili kina irabu tano. Tuchukue konsonanti 20 za kawaida tu, tuache gh na dh kwa leo. Ishirini mara tano ni silabi 100. Ukitaka neno la silabi moja iliyorudiwa mara mbili, una nafasi 100 na si zaidi: baba, bibi, dada, kaka, koko, lala, mama, papa, pipi, popo, sasa, sisi, titi, zizi, na kuendelea. Lugha za dunia ni kama 7,000, na karibu zote zina a, zina m, zina p au b, zina t na k. Zote zinachota kisima kimoja kidogo. Zisipogongana ndipo tungeanza kushangaa. Ndiyo maana kaka kwa Kiswahili ni ndugu wa kiume, kwa Kigujarati ni baba mdogo, na kwa Kituruki ni neno la mtoto anayetaka kupelekwa chooni. Dada kwetu ni wa kike. Kwa Kibengali ni kaka mkubwa, kwa Kigujarati ni babu mzaa baba. Na baba, anayeheshimika Mtwara, Harare, Istanbul na Beijing kwa jina hilohilo la mzazi wa kiume, akifika Urusi anageuka mwanamke wa kijijini.

Neno refu kidogo likigongana, mtu anadhani mjadala umekwisha. Haujaisha. Miaka ya 1960 mwanaisimu R. M. W. Dixon alikuwa Queensland, Australia, akikusanya maneno ya Kimbabaram kutoka kwa mzee Albert Bennett, mmoja wa watu wa mwisho walioijua lugha hiyo. Akamuuliza mbwa anaitwaje. Mzee akajibu: dog. Dixon alidhani mzee kachanganya Kiingereza. Hakuchanganya. Lugha ya jirani, Kiyidiny, inamwita mbwa gudaga. Kimbabaram kilikuwa na tabia ya kukata mwanzo na mwisho wa maneno ya zamani na kubadili irabu, na gudaga ikipitishwa kwenye kinu hicho inatoka dog. Neno lilelile, maana ileile, na Kiingereza hakikuhusika kwa lolote. Huo ni mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unamnyima mbishi hata kisingizio cha maana tofauti.

Lipo kundi la maneno mafupi ambalo halielezwi kwa bahati peke yake, nalo ni la wazazi. Mwaka 1959 mwanaanthropolojia George Peter Murdock wa Marekani alitoa orodha ya maneno 1,072 ya mama na baba kutoka lugha za pande zote za dunia. Mwanaisimu Roman Jakobson akaitazama orodha hiyo akaona kwamba maneno ya mama yenye sauti za puani, yaani m, n na ng', ni asilimia 55, na ya baba ni asilimia 15 tu. Pengo kubwa hivyo haliji lenyewe.

Maelezo ya Jakobson yanaanzia kwenye ziwa la mama. Mtoto anayenyonya mdomo umejaa. Sauti pekee anayoweza kuitoa inapitia puani, na midomo ikiwa imefumbwa inatoka mmm. Baadaye anaitoa hata akiwa hanyonyi, akiona chakula, akitaka chakula, akimtaka mwenye chakula. Akifungua midomo, imekuwa ma. Pa na ba ni rahisi vilevile: fumba, achia. Mtoto wa Newala na mtoto wa Warsaw wana midomo ya aina moja.

Ila hapa pana jambo ambalo wengi huliruka. Mtoto hamwiti mtu. Anapiga kelele. Ni sisi wakubwa tunaosikia ma-ma tukasema, "Ananiita!", kisha tunamrudishia mpaka neno linashika. Uamuzi wa nani awe mama na nani awe baba ni wa watu wazima, na watu wazima hawakuamua sawa kila mahali. Kwa Kijojia, lugha ya milima ya Kaukazi, neno mama maana yake ni baba. Mama mzazi ni deda. Wapitjantjatjara wa katikati ya Australia nao mama kwao ni baba. Wagujarati na wasemaji wa Kihindi wanamwita mama mjomba wao, ndugu wa kiume wa mama mzazi. Ukiwa mtu wa Lindi, mwenye ukoo wa kike, uliyelelewa ukijua kwamba mjomba ndiye mwenye sauti kwenye harusi na kwenye msiba, hili la mwisho linaweza kukusisimua. Kumbe na wao! Tulia. Mjomba kule ameitwa kwa sauti ya dada yake, basi. Mmwera hakupeleka desturi yake Gujarat wala haikuja kutoka huko.

Wajapani wana kitendawili cha mwaka 1516 kinachosema, kwa Kiswahili changu: kwa mama hukutana mara mbili, kwa baba hata mara moja. Jibu ni midomo. Ukikitega leo Tokyo hakiingii, kwa sababu mama ni haha na baba ni chichi, na hakuna hata kimoja kinachogusanisha midomo. Kiliingia wakati ule kwa kuwa h ya haha ilikuwa bado ikitamkwa kwa kukaribisha midomo, kama fa-fa. Na nyuma zaidi ya hapo ilikuwa p. Kwa hiyo zamani za kale mama wa Kijapani aliitwa papa. Msimulie hilo mvuvi wa Mikindani uone uso wake.

Kuna mwingine aliyepata jina kwa mdomo wa mtoto na tunamjua sote: Kaká, Mbrazili aliyechukua tuzo ya mchezaji bora wa dunia mwaka 2007. Jina lake ni Ricardo. Mdogo wake alishindwa kulitamka akatoa Kaká, na dunia nzima ikafuata. Hakuna aliyemfikiria kuwa Mswahili.

Kwa sababu hiyohiyo siwezi kulikubali neno "tata" la kumwita baba kama ushahidi, hata pale linapotokea kati ya ndugu wa kweli. Wayao wanasema atati kwa baba. Lingala na Kikongo zinasema tata. Hizi zote ni lugha za Kibantu, undugu wao haupingwi. Lakini Wapolandi nao wanasema tata, na Waromania wanasema karibu hivyohivyo. Neno ambalo kila kizazi cha watoto kinaweza kulitengeneza upya bila kufundishwa halimsaidii mpelelezi. Ni shahidi anayekubali kila kesi.

Sababu nyingine ya kufanana ni kuazima, na hapa Mtwara tunao mfano unaoingia mfukoni. Mkorosho ulitoka Brazili. Wareno waliuleta pwani hii ya Afrika na pwani ya India katika karne ya 16. Watupi wa Brazili waliliita tunda lake acaju. Wareno wakakata kichwa wakasema caju. Kamusi zetu za Kiswahili zikabaki na kanju, na mti mkanju, ingawa sisi tunaoishi chini yake tunasema mkorosho, na tunda lake bibo, na pombe ya mabibo uraka. Kwa Kihindi ni kaju. Msimu ukifika, minada inaanza, magunia yanaingia maghalani kwa stakabadhi, na sehemu kubwa ya korosho ghafi inapakiwa kwenda Asia. Wanunuzi wa India wanapotamka kaju, mtu wa ng'ambo ya Ruvuma anaelewa bila mkalimani, kwa kuwa naye anasema caju. Kitupi, Kireno, Kiswahili, Kihindi: lugha nne za koo tatu tofauti, na neno ni moja. Tunajua kwa nini. Meli ipo, karne ipo, mche wenyewe upo shambani. Papai nalo lilisafiri namna hiyo kutoka upande wa Karibi.

Neno la kuazima linaonyesha nani alifanya biashara na nani. Halionyeshi nani alizaliwa na nani, na hapo ndipo wanapopotea wanaohesabu maneno ya Kiarabu kwenye Kiswahili na kutangaza kwamba lugha nzima ni ya Kiarabu. Sabuni, karatasi, samaki, hesabu: sawa, hayo ni ya sokoni na ya chuoni. Jaribu kuutafuta Uarabuni mzizi wa mtu, mti, moto, tatu, tuma, kufa.

Na maneno hayo sita, au tuseme ndugu zao, yapo Masasi. Tangu mwaka 1876, wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walipoweka pale makazi ya watu waliotolewa utumwani, Masasi imekuwa njia panda ya lugha: Kimakua, Kiyao, Kimakonde, Kimwera, na Kiswahili cha kuwaunganisha wote. Keti sokoni usikilize neno la mtu. Myao anasema mundu. Mmakonde anasema munu. Mmakua anasema mutthu, na t yake ina pumzi. Kitu? Chindu kwa Myao, chinu kwa Mmakonde, etthu kwa Mmakua. Pale Kiswahili kilipobaki na t, Kiyao kina nd, Kimakonde kina n, Kimakua kina t ya pumzi. Hakuna aliyekosea matamshi ya mwenzake. Kila mmoja alirithi sauti ileile ya zamani, nt, akaitunza kwa njia yake, na anaitunza hivyo bila kubahatisha. Wilhelm Bleek, aliyeziita lugha hizi Bantu katika karne ya 19, alilichota jina lenyewe kwenye neno hilohilo la watu.

Kimakua ndicho kinachonivutia kuliko vyote, kwa kuwa kwa sikio la haraka kinasikika kama kimetoka mbali. Wapo watu wa kusini wanaokuapia kwamba hakihusiani na lugha nyingine za hapa. Kimakua cha asili hakina b, hakina d, hakina g. Ukiongea nacho ukiwa na Kiswahili tu, unashika neno moja katika kumi. Lakini panga maneno haya (matamshi yanabadilika kidogo ukitoka Masasi kwenda Nampula kule Msumbiji, kanuni ni ile ile). Kiswahili mti, Kimakua mwiri. Moto, mooro. Tatu, raru. Kutuma, oruma. Kila penye t ya Kiswahili isiyotokana na ile nt ya zamani imekaa r. Na ku ya mwanzo wa kitenzi imekuwa o. Ungewapa watu wa orodha za WhatsApp mti na mwiri wangepita bila kugeuka, kwa kuwa havifanani. Mimi nasema hapo ndipo penye ushahidi, kwa sababu bahati inaweza kukupa papa na papa, inaweza hata kukupa dog na dog, lakini haiwezi kugeuza t kuwa r kwenye neno la mti, la moto, la tatu na la kutuma, ikakumbuka kufanya hivyo kila mara.

Nitajibiwa kwamba huo ni utaalamu, mambo ya chuo kikuu, na watu wa kawaida wanataka kitu cha kufurahisha. Sikubali. Darasa lolote la Masasi au Nanyumbu lina watoto wa lugha tatu au nne kwenye dawati moja, na mwalimu wa Kiswahili anachohitaji ni chaki. Tunawafundisha ngeli kwa kukariri, tunawafundisha kwamba Kiswahili ni Kibantu kwa kuwaambia tu wameze, halafu tunawakataza lugha za nyumbani wakivuka geti la shule, na kumbe ushahidi wa somo hilo wamekuja nao mdomoni. Achore safu nne ubaoni. Aulize bibi yako anasemaje mti, bibi yako wewe anasemaje moto. Wakishaiona r, awape kufa, na mtoto wa Kimakua atasema okhwa, ambamo penye f ya Kiswahili imekaa k yenye pumzi. Kisha aandike mafuta kwenye safu ya Kiswahili na kuwataka watoto wasiojua Kimakua walitafute neno lake kwa kanuni hizo mbili tu, f iwe kh, t iwe r, kabla mwenzao hajalitaja. Mwenzao atakapofungua mdomo atasema makhura.